Sinia Langu la Chokoleti

Gitega, Jumapili jioni, katikati ya kiangazi.

Baridi ya leo ni ya kuvaa soksi ndani ya nyumba. Kiangazi cha huku juu kiko hivyo: mchana vumbi jekundu mpaka puani, jua likizama meno yanagongana. Nimefika kutoka Muyinga sasa hivi. Begi sijalifungua, viatu bado viko miguuni, chai iko jikoni inachemka peke yake. Nimekaa kitandani na simu, naandika, maana nisipoandika nitapasuka.

Nimeshinda.

Ngoja nianze na aibu, utamu uje nyuma.

Kwetu, kwa Waislamu wa mjini Muyinga, nyumba ikiwa na harusi kila binti mtu mzima wa nyumba hiyo analeta sinia lake. Analijaza vitu vitamu alivyotengeneza mwenyewe, analifunika kwa kitambaa cha kufuma, na linawekwa kwenye mkeka mbele ya wanawake wa upande wa bwana harusi. Mama wa nyumba anataja: hili la fulani, hili la fulani. Wageni wanakula huku wanapima. Sinia likirudi tupu, jina lako limepanda. Likirudi na vitu vyake, basi, habari zako zitasemwa mpaka harusi nyingine.

Mimi sijui kupika. Sisemi hivyo ili nionewe huruma, ni kweli tu. Mandazi yangu ukimrushia mwizi ataanguka. Wali wangu juu mbichi, chini umeungua, na katikati sijui pamekuwaje.

Mama yangu sasa, Hadija, ndiye anayepika halua na visheti ambavyo vinajulikana mpaka Gasorwe. Na kwa sababu hiyo, miaka yote hii, sinia langu limekuwa likijazwa na yeye. Anaamka alfajiri, anapanga visheti kwa duara, anafunika kwa kitambaa nilichokifuma mimi, na ukifika wakati wa kutaja anasema kwa sauti kavu: hili la Mwamini. Wanawake wote wanatazama mkeka, wanameza cheko. Hakuna asiyeujua mkono wa mama yangu.

Hakuna aliyewahi kunisema usoni pia. Hiyo ndiyo inayouma.

Mdogo wangu Sakina alipochumbiwa na kijana wa Buhinyuza, mama alinipigia simu kunipa kazi zangu. Nishone mapazia mapya ya sebuleni. Nilete sahani za kuongezea. Sinia nisihangaike nalo, atalitazama mwenyewe. Alisema kwa upendo, najua. Lakini mimi ni mtu mzima, nina ateliye yangu hapa Gitega, vyerehani vinne, tangu wizara zihamie huku wake za wakubwa wananishonesha nguo za sherehe na wananingoja kwenye benchi. Halafu naambiwa nilete sahani. Nilikata simu nikashona upindo mmoja mara mbili kwa hasira, ikabidi nifumue.

Basi wiki hiyohiyo akaja Maman Noëla.

Huyu ni Mkongomani wa Bukavu, mtengeneza keki, mwili mkubwa na kicheko kikubwa zaidi. Alikuja kushonesha aproni. Nikamuuliza za nani, akasema za wanafunzi, anafundisha watu kutengeneza trufe. Nilikuwa sijawahi kulisikia neno hilo. Akanieleza kwamba ni vidonge vya chokoleti laini vinavyoviringishwa kwenye unga wa kakao, vile ambavyo watu wanapeana kwenye visanduku vyenye utepe. Darasa ni Jumamosi moja tu, asubuhi mpaka mchana, na anawataka hasa wasiojua kitu, kwa sababu anayejua kidogo anabishana.

Nikajisikia kama nimeitwa jina.

Na hapa nikiri hesabu yangu ya kiwoga. Mandazi, kila mwanamke wa Muyinga anajua yanatakiwa yaweje. Visheti hivyohivyo. Lakini trufe, nani atanipima kwazo? Hakuna shangazi hata mmoja aliyewahi kuziona. Nikajiandikisha palepale, aproni yangu nikaishona pamoja na zao.

Jumamosi tulikuwa wanawake wanne jikoni kwake, mimi na wasichana watatu wa maofisini, wote wadogo kwangu, wote na kucha nzuri. Kabla ya kuwasha jiko Maman Noëla alipanga vitu mezani: chokoleti nyeusi iliyotoka Bujumbura, krimu, siagi, kakao, na chupa ya rum. Nikaiona ile chupa nikaganda. Sikutaka kuwa yule mtu wa kuleta shida kabla hata hatujaanza, lakini vitu vyangu vitaliwa nyumbani kwa mama, na shehe wa kufungisha ndoa atakuwa chumba cha pili. Nikamvuta pembeni nikamwambia. Wala hakushtuka. Alisema Bukavu amekua na majirani Waislamu ukuta kwa ukuta, bakuli langu atalitenga, ningependa nini badala yake. Nikasema kahawa. Nilikuwa nayo kwenye mkoba. Shangazi yangu wa Gasorwe anaivuna shambani kwake na kuikaanga mwenyewe kwenye chungu, na mimi natembea nayo kama wengine wanavyotembea na dawa za kichwa.

Tukakatakata chokoleti kwa kisu mpaka ikawa ndogondogo kama majani ya chai. Krimu yangu ikawekwa motoni na kahawa ndani yake, ikachujwa, ikarudishwa motoni. Ikianza kutoa mapovu pembeni unaitoa, unaimwaga juu ya chokoleti, halafu unaiacha. Huigusi. Hapo roho yangu ilihangaika sana, mimi kijiko kikiwa mkononi lazima nikoroge. Unangoja kwanza, ndipo unakoroga katikati, polepole, kiduara kidogo ambacho kinakua chenyewe mpaka bakuli lote linang'aa. Harufu ile ilipopanda, wale wasichana wakaanza kuchungulia bakuli langu.

Nikavimba kichwa. Ningejua.

Mchanganyiko ulipokaa kwenye frigo ukashikana, Maman Noëla alituambia tuchote kwa kijiko tuviringishe. Hapo nikajiona fundi, maana kuviringisha nimekuona maisha yangu yote. Mama akitengeneza kababu anaweka bakuli la maji pembeni, analowesha viganja, nyama haimgandi hata kidogo. Basi nikaenda bombani, nikajaza bakuli langu la maji, nikalowesha viganja vizuri, nikaanza.

Ya kwanza ikateleza kama sabuni. Ya pili nikaiviringisha kwenye kakao, kakao ikageuka tope. Ya tatu ikanichomoka, ikaruka, ikatumbukia kwenye bakuli kubwa la chokoleti iliyoyeyushwa, la kuchovyea, ambalo lilikuwa la darasa zima. Na mimi bila kufikiri nikaingiza mkono kuiokoa, mkono unaochuruzika maji.

Mbele ya macho yetu ile chokoleti ikakasirika. Ikakaza, ikawa punjepunje, ikapoteza mng'aro wake wote. Kijiko kikasimama wima ndani yake. Msichana mmoja akasema yebaba, kwa sauti ndogo.

Maman Noëla alitazama bakuli, akatazama mikono yangu, akatazama lile bakuli la maji.

"Mwamini," akasema kwa Kiswahili cha kwao Bukavu, "chocolat na mayi haiishake nyumba moja."

Halafu akacheka, na kicheko chake ni cha kutikisa vyombo kabatini. Alipasha krimu, akaimwaga mle kidogokidogo huku anakoroga mpaka uvimbe ukalainika. Akatuambia kwa kuchovyea haifai tena, ila kuna keki ya mtu itamwagiwa juu, hakuna kilichopotea, na ya kuchovyea atayeyusha nyingine. Kisha akanishika viganja na uso wake ukabadilika kidogo. Alisema mikono yangu iko moto sana. Kuna watu wako hivyo, chokoleti inayeyuka wakiigusa tu, wanaweza kufanya mikate, wanaweza kufanya biskuti. Hakusema kwamba mimi sitaweza. Alinipa taulo tu.

Nikakaa kwenye stuli pembeni. Nilitamani kujitanda mtandio wangu nitoke. Nikajisemea: peleka sahani, Mwamini, sahani zinakutosha.

Sasa sikia. Zile aproni nilizishona chapchap, na yangu, kwa kuwa ni yangu, upindo wake niliubandika tu bila kuumaliza. Nimekaa pale nimeinama, vidole vyenyewe vikaanza kuukunja. Mtu wa ateliye hawezi kuona upindo unaning'inia akauacha. Na upindo wa kitambaa laini huukunji kwa kiganja, kiganja kinatoa jasho, kitambaa kinachafuka. Unausokota kwa ncha za vidole, gumba na viwili, haraka, bila kubana.

Nikatazama vidole vyangu.

Nikasimama. Nikajifuta mikono mpaka ikakauka kabisa, nikajipaka kakao kwenye ncha za vidole, nikachota kijiko cha chokoleti yangu na kukizungusha kama upindo. Gumba na viwili. Kiganja hakikugusa kitu. Ikatoka duara, kavu, imekaa. Haikuwa nzuri sana, ilikuwa na pua upande mmoja. Nikafanya nyingine, ikatoka bila pua. Nikaendelea. Baada ya muda nageuka, namkuta Maman Noëla nyuma yangu. Akachukua moja yangu akaila amefumba macho. Akawaambia wale wasichana wajaribu kama mimi, nao kucha zao zikawasumbua, nikafurahi, Mungu anisamehe.

Nimefikiri sana kuhusu jambo hilo wiki nzima nikiwa kwenye cherehani. Nilikwenda kule nimeazima mikono ya mama kwa kazi ambayo mama mwenyewe hajawahi kuifanya. Yangu ilikuwepo muda wote. Ilikuwa inashona.

Ijumaa asubuhi, baridi ikiwa bado kwenye sakafu, nikatengeneza zangu hapa nyumbani. Peke yangu, mlango nimefunga, simu nimezima. Nilivaa koti huku madirisha yako wazi, ili chokoleti isijisahau ikayeyuka. Zilipokwisha nikazipanga ndani ya bati la biskuti, bati nikalizungushia mabaki ya vitambaa vya ateliye, pamba, satini, kila kilichokuwepo, ili joto la njiani lisipite. Jumamosi nikaondoka na gari la kwanza. Dereva alitaka kuliweka bati langu mbele, juu ya injini. Nilimkatalia kwa namna ambayo hakunisemesha tena mpaka Muyinga.

Nyumbani nilimkuta mama uani kati ya masufuria, amejifunga kanga mbili. Na kwenye meza ya ndani masinia yamepangwa tayari, na la mwisho, limefunikwa kitambaa changu, ni lile la Mwamini. Amelijaza. Visheti kwa duara, kama kawaida.

Nikamwambia nimeleta vyangu.

Alidhani sahani. Nikafungua bati nikamwonyesha. Akaangalia zile duara za kahawia, hakugusa, hakunusa. Aliniangalia mimi, na nikaona kitu ambacho sikuwahi kukielewa miaka yote hii: mama alikuwa anaogopa. Kumbe hakuwa ananidharau. Alikuwa ananiogopea.

"Na kama hazitaliwa?" akaniuliza. "Wale ni watu wa Buhinyuza, Mwamini, hawakujui. Watakusema."

"Basi nitarudi nazo Gitega, mama. Lakini zitarudi kwa jina langu."

Akafuta mikono kwenye kanga, polepole, kidole kimojakimoja. Kisha akachukua lile sinia la visheti, akaondoa kitambaa changu, akanipa. Sinia akalipeleka mwenyewe upande wa wanaume, bila kulitaja la nani.

Nikazipanga trufe zangu kwenye sinia jingine, nikafunika.

Mchana, baada ya ndoa, wanawake wa Buhinyuza wakakaa mkekani. Masinia yakatajwa. La dada yangu mkubwa, kashata. La binamu yangu, vileja. Mama alipofika kwangu alisema hili la Mwamini kwa sauti ileile kavu, na wanawake wa mtaa wetu wakatazama mkeka kama desturi yao. Kitambaa kikaondolewa. Wakainua vichwa. Havikuwa visheti.

Shangazi wa bwana harusi, mama mzito aliyejifunga kitenge cha njano, akainama, akatazama sana, na akauliza mbele ya watu wote kama sisi huku mjini tunalisha wageni mavi ya mbuzi.

Mkeka mzima uliangua kicheko. Hata Sakina, bibi harusi, chini ya shela lake, mabega yalikuwa yanatikisika. Nilimtafuta mama kwa macho, alikuwa amesimama mlangoni ameshika jagi la maji kwa mikono miwili.

Yule shangazi, kwa kuwa ameshachekesha watu, ilibidi amalize mchezo wake. Akachukua moja, akaionyesha kulia na kushoto, akaitupia mdomoni.

Akaanza kutafuna kwa mbwembwe. Halafu akaacha kutafuna, maana haikuwa kitu cha kutafuna, ilikuwa inamwondokea yenyewe. Uso ukatulia. Kakao imembakia mdomoni, hakuifuta. Akameza, akakaa kidogo, akanyoosha mkono akachukua nyingine bila mchezo. Aliuliza kwa Kirundi kama ile ni kahawa. Nikamjibu ego, ndiyo, ni kahawa ya Gasorwe. Akasema kwamba kahawa ameilima tangu utoto na hakujua kama inaweza kufanya hivi.

Basi hapo mikono ikaja. Sijawahi kuona mikono mingi vile juu ya kitu changu. Wanawake wa mtaa wetu, wale wa kumeza cheko, walipitisha mikono chini ya mikono ya wageni, hawakungoja zamu. Yule shangazi akakunja pembe ya kitenge chake akafungia kadhaa ndani, eti za mumewe. Na alipomaliza kufunga fundo akageuka mlangoni, akamwambia mama kwamba habari za mkono wake walikuwa wanazisikia hata Buhinyuza, lakini hiki cha leo kimezidi, amekipika vipi.

Mtaa mzima ulikuwa unangoja mama atajibu nini, na mimi pia. Angeweza kutabasamu tu. Ingetosha kutabasamu, na kila mtu angeelewa anavyotaka.

Mama aliweka jagi chini.

"Ni ya Mwamini," akasema. "Mi sikugusa ata moja. Sijui ata inapikwa vipi."

Na hakusema kwa sauti yake kavu. Alisema kama anatangaza harusi ya pili.

Sinia lilikuwa tupu kabla pilau haijafika. Nililibeba mwenyewe kulirudisha ndani, nikapita katikati ya watu polepole, njia ndefu, na nilipofika jikoni nikafunga mlango, nikakaa juu ya gunia la mchele, nikalia kama mtoto, nikacheka, nikalia tena. Mama alinikuta hapo. Alinifuta uso kwa ncha ya kanga, akaona kakao kidogo imebaki ukingoni mwa sinia, akaipangusa kwa kidole akalamba. Kisha akaniambia niinuke, wageni wanataka chai, na kwamba chai ataipika yeye.

Sawa kabisa. Chai yangu bado ni mbaya, na hii ya leo inaungua jikoni nikiandika, nasikia harufu.

Kesho nafungua ateliye saa mbili. Wateja watakaa kwenye benchi watauliza harusi ilikuwaje, kwa adabu tu, wakitegemea nijibu neno moja. Nawaonea huruma.